Kutembea kwenye gemu bila mshale

Kwenye mabanda ya gemu ya Ngamiani, hapa Tanga, anayelipia kwa muda hazururi. Atacheza mpira, au ataweka GTA San Andreas, apige chiti (msimbo wa kujipa vitu bila kuvifanyia kazi) ya silaha na hela, agombane na polisi mpaka mwenye banda amwambie muda umekwisha. Anayetaka kupanda mlima ili tu aone upande wa pili kuna nini anaonekana anachoma hela. Kwa hiyo kabla mtu hajasema gemu za zamani zilikuwa na uhuru na za sasa hazina, akubali kwanza kwamba kuzurura kunakula muda, na gemu nyingi za sasa zimetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye haraka, zikimwekea mshale wa skrini unaomwonyesha pa kwenda.

Suala la ukubwa wa ramani tuliweke pembeni mapema, maana ndilo linalopoteza watu. Mwaka 1984 David Braben na Ian Bell walitoa Elite kwa kompyuta ya BBC Micro yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32. Ndani yake kulikuwa na galaksi 8, kila moja ina sayari 256, zote zikizalishwa kwa hesabu badala ya kuhifadhiwa. No Man's Sky ya 2016 ilitumia ujanja wa ukoo huohuo ikafikisha sayari ambazo idadi yake ina tarakimu 20. Lawama ni ileile kwa zote mbili: ukishafika sayari ya kumi, ya kumi na moja unaibashiri. Cha kuuliza ni kama mchezaji anaweza kuamua aende wapi kwa kutumia anachokiona na anachoambiwa ndani ya gemu yenyewe, na kama akikosea anapata kitu kingine cha maana au anagonga ukuta.

Mambo haya yalianzia kwenye pango la kweli. Mwaka 1976 Mmarekani Will Crowther, mwandishi wa programu na mtu wa kuingia mapangoni, aliandika gemu ya maandishi matupu akifuata sehemu ya Mammoth Cave huko Kentucky, pango alilolijua kwa kulipima na kulichorea ramani. Don Woods akaiongezea mambo mwaka 1977. Shigeru Miyamoto, mbunifu wa gemu wa Nintendo, naye ameeleza mara nyingi kwamba gemu yake ya Zelda ilitokana na utoto wake wa kuzurura msituni na mapangoni karibu na Sonobe, nje ya Kyoto. Aliyewahi kuingia Mapango ya Amboni nyuma ya mwongozaji mwenye tochi ataelewa tofauti inayozungumziwa hapa: unaonyeshwa kila cha kuonyeshwa, unatoka salama, lakini ukiambiwa umrudishe mwenzio kwa njia ileile huwezi, kwa sababu muda wote ulikuwa unaangalia mgongo wa mtu. Mshale wa kwenye skrini unafanya kazi hiyohiyo. (Amboni yenyewe mfuateni mwongozaji, mle giza si la kuigiza.)

Wengi huku pwani walianza na TV game za kaseti za manjano, zile zilizoandikwa gemu maelfu juu wakati ndani ni chache zinazojirudia. Super Mario Bros. ya 1985 ilikaa kwenye kilobaiti 40 tu, na skrini yake hairudi nyuma. Ulichokiacha kushoto kimekwisha. Kwa maana hiyo haina uhuru hata kidogo. Lakini ina milango ya siri miwili ambayo ndiyo shule nzuri ya jambo hili.

Wa kwanza uko 1-2, yaani dunia ya kwanza, steji ya pili. Ukifika kwenye lifti za mwishoni, usishuke kufuata bomba la kutokea. Ruka kutoka kwenye lifti upande juu ya dari ya matofali, kimbia juu yake kwenda kulia mpaka ulipite bomba hilo, na utakuta chumba chenye mabomba matatu ya kukupeleka dunia ya 4, 3 au 2. Wa pili uko 4-2: inabidi ugonge hewani sehemu ambayo haina kitu, vitokee vibao vilivyofichwa, uvipande ili ufikie tofali ambalo ukiligonga linaotesha mmea wa kupanda hadi juu, kwenye mabomba ya dunia ya 8, 7 na 6. Kwa siri hizo mbili unamaliza gemu kwa kucheza steji 8 kati ya 32. Ya kwanza ni ya haki: dari unaiona, lifti unaiona, mtoto mkaidi atajiuliza juu kuna nini. Ya pili hakuna anayeipata isipokuwa kwa bahati au kwa kuambiwa. Gemu za zamani zimejaa za aina ya pili kuliko wapenzi wake wanavyopenda kukubali.

Battle City, ile ya vifaru, nayo ya 1985, ina steji 35 na sehemu ya kujitengenezea uwanja ambayo wengi waliipita bila kuigusa. Kwenye menyu ya mwanzo shuka hadi chaguo la tatu. Kifaru kinageuka kuwa kalamu: unakipeleka unapotaka na kila ukibonyeza A tofali linabadilika, nusu tofali, chuma, maji, majani. Ukimaliza bonyeza Start, chagua mtu mmoja au wawili, na steji ya kwanza itakuwa yako. Umeme ukikatika, kazi yote imekwenda. Kaseti haina pa kuhifadhi. Ukizungushia kambi unayoilinda chuma pande zote hakuna risasi ya kawaida inayopita, na gemu inakosa ladha ndani ya dakika mbili. Huo nao ni uhuru, na mchezaji ndiye aliyeuharibu.

Sasa The Legend of Zelda, 1986, ambayo ndiyo kila mtu anaitaja. Inapatikana leo kwa njia nyingi, na namna nzuri ya kuicheza ni kwa karatasi. Chukua daftari la hesabu lenye miraba. Chora mstatili wa miraba 16 kwa upana na 8 kwa kimo; hizo ndizo skrini 128 za nje, moja kwa kila mraba. Unaanzia mstari wa chini kabisa, mraba wa nane kutoka kushoto, na upanga uko kwenye pango la hapohapo. Kila skrini unayoingia weka alama nne tu: nukta kama umepita, P kama kuna pango, duara kama umechoma miti yake, mkwaju kama umelipua kuta zake. Ukianza kuchora miti na mawe utachoka kabla ya jioni na daftari litabaki robo.

Kinachowakwamisha watu ni mshumaa wa kuchomea miti. Ule wa buluu, unaouzwa 60 za hela ya gemu, unawaka mara moja tu kila unapoingia skrini. Skrini yenye miti ishirini inakudai utoke na urudi mara ishirini. Kwa hiyo usichome ovyo. Angalia mti uliokaa kinyume na wenzake: lango la ngome ya 8 liko chini ya mti uliosimama peke yake njiani, na macho makali yanauona. Ngome ya 7 iko chini ya bwawa lisilo na kitu. Kuna mzee anayekudokeza kwamba kuna siri mahali ambapo vibwengo wema hawaishi, ukipiga filimbi hapo maji yanakauka. Kwenye msitu unaojirudia nenda kaskazini, magharibi, kusini, magharibi. Kwenye vilima vinavyojirudia panda juu mara nne. Skrini hizo mbili ziwekee mshale kwenye daftari, la sivyo utadhani umekosea kuhesabu na utafuta ramani nzima. Na usishangae ukichoma mti, ukaingia kwa furaha, ukakuta mzee anakukata 20 za kutengeneza mlango wake uliouvunja. Ni moja ya mizaha michache ya gemu ile, na inafundisha kwamba si kila siri ina faida.

Lakini tuseme ukweli: mchezaji wa Marekani hakuachiwa kaseti tupu. Ndani ya boksi mlikuwa na kitabu cha maelezo na ramani ya karatasi yenye sehemu za kujaza mwenyewe, na kuanzia 1988 Nintendo walikuwa na jarida lao la kufichua siri. Uhuru wa zamani uliuzwa pamoja na karatasi. Kaseti za manjano zilifika huku bila karatasi yoyote, na ndiyo maana hapa sifa ya gemu za kutafuta njia ilikuwa ndogo kuliko ya Contra, ambayo huhitaji kujua chochote zaidi ya kulia ni wapi. Aliyejifunza Zelda kwa kujaza ramani ile na aliyepewa kaseti mkononi hawakucheza gemu moja.

Upande wa kompyuta kuna Morrowind ya 2002, na hii kwa maoni yetu ndiyo iliyofika mbali zaidi kwa maelekezo ya mdomo. Unaachiwa kijijini Seyda Neen na bahasha, unaambiwa nenda mji wa Balmora, uulizie mtu anaitwa Caius Cosades kwenye kilabu cha South Wall. Hakuna alama ya kazi kwenye ramani. Unaweza kulipa nauli upande mdudu mkubwa anayebeba abiria, au ushike barabara na usome vibao. Kazi zinazofuata zinakuja na maelekezo kama ya mtu wa mtaani: toka mjini, vuka daraja, fuata njia hadi ngomeni, kisha pinda. Yanatosha kwa kiasi kikubwa, ila si yote. Mfano unaojulikana ni magofu ya Arkngthand: watu walifika wakakuta mlima umefungwa, hawakujua kwamba gurudumu lililo kwenye bomba karibu na daraja linazungushwa ndipo mlango ufunguke. Wakiingia, kisanduku wanachotumwa ni kidogo, kiko rafuni, gizani. Hapo tatizo si maelekezo bali ni kwamba kitu chenyewe hakionekani. Na daftari la ndani ya gemu lilikuwa limepangwa kwa tarehe tu, si kwa kazi, mpaka nyongeza ya Tribunal ilipolipanga upya. Kwa hiyo anayecheza toleo la mwanzo aandike pembeni jina la aliyemtuma, mji, na maelekezo neno kwa neno. Kompyuta kuukuu yoyote inaibeba, na OpenMW, programu ya bure ya kuiendesha, inaifanya itulie zaidi, ila lazima uwe na mafaili halali ya gemu yenyewe.

Turudi kwenye San Andreas, maana ndiyo iliyolea kizazi kizima mabandani. Ilitoka Oktoba 2004 kwa PS2. Mashine ina kumbukumbu ya megabaiti 32, na ramani ni miji mitatu na mashamba kati yake, takriban kilometa za mraba 36. Haiwezi kukaa yote kichwani mwa mashine, kwa hiyo lenzi inasoma DVD bila kupumzika na kuleta mtaa ulio mbele yako huku ukiutupa wa nyuma. Hapo ndipo hewa yetu ya chumvi inapoingilia. Lenzi ikishika vumbi na ukungu, gemu ya mpira itaendelea vizuri tu, lakini San Andreas ukikimbiza gari barabara inachelewa kuja, unaendesha juu ya rangi tupu, au nyumba zinatokea puani. Vijana wengi wanasema CD imekufa wakati lenzi ndiyo chafu. Kwenye PS2 nyembamba fungua tu kifuniko, lenzi iko hapo juu: kijiti cha pamba, aina ya spiriti inayoitwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pangusa taratibu kuelekea upande mmoja, acha ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Usitumie manukato wala spiriti yenye mafuta. Yanaacha utando mbaya kuliko vumbi.

Ukungu wa ndani ya gemu ni habari nyingine, na ni nzuri. Waliuweka kuficha kwamba mashine haioni mbali, lakini matokeo yake ukawa unasafiri kutoka Los Santos hadi San Fierro ukiamini ni mbali. Toleo lililorekebishwa la 2021 lilipotoka bila ukungu ule, mtu alisimama kilele cha Mlima Chiliad akaiona ramani karibu nzima, mji na mji vimekaribiana kama viwanja vya jirani. Watu walilalamika, na walikuwa na haki. Kilichokuwa udhaifu wa mashine kilikuwa kimebeba nusu ya hisia za safari.

Jambo jingine ambalo San Andreas ililifanya vizuri ni mipaka. Mwanzoni umeruhusiwa Los Santos tu. Ukivuka mapema, hakuna ukuta wa hewani: unapewa nyota 4 za polisi, basi. Ukiweza kuogelea au kukwepa, nenda. Mabandani hii ina uzito wa pekee, kwa sababu memori kadi ya banda ni moja, ina megabaiti 8, na gemu inatoa nafasi 8 za kusevu ambazo kila mtu anaandika juu ya mwenzie. Matokeo yake watu wanaanza upya kila siku. Wanaijua Los Santos uchochoro kwa uchochoro, na San Fierro wameiona wakiwa na nyota 4 mgongoni. Anayetaka kuzurura kweli anunue memori kadi yake, aiweke tundu la kwanza, asiichomoe wala kuzima mashine wakati inaandika.

Halafu kuna chiti. Ile ya afya, kinga na dola 250,000 (R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu) haina madhara makubwa zaidi ya kuondoa sababu ya kufanya kazi. Hatari ni zile zinazobadili tabia ya wapita njia, kama ya vurugu mji mzima. Ukizipiga kisha ukasevu, hazitoki tena. Baadaye kwenye misheni ya Madd Dogg, yule jamaa aliye juu ya paa anajirusha kabla hujamletea lori la maboksi, kila mara, na gemu haiendi mbele. Wengi wamerudia misheni hiyo wiki nzima wakidhani wanachelewa. Dawa ni moja: rudi kwenye sevu ya kabla ya chiti, kama huna, anza upya. Kwa hiyo ukitaka kuchezea chiti, sevu kwanza, chezea, zima bila kusevu.

Na alama? San Andreas inakupa herufi za wanaokuhitaji kwenye ramani, na inakuruhusu uweke alama moja nyekundu unapotaka. Haikuchorei njia ya kupita. Mstari wa njia ulikuja na GTA IV mwaka 2008. Tofauti hii inaonekana ndogo lakini ukikaa na watoto wawili, mmoja wa kila gemu, utaiona: wa San Andreas anajua ukipita chini ya daraja unatokea ufukweni, wa pili anajua mstari. Alama aliyoiweka mchezaji mwenyewe haina ubaya wowote.

Gemu za sasa zinafaa kuangaliwa kwa jicho hilohilo, na si zote zina hatia. Oblivion ya 2006 ndiyo iliyoleta dira yenye alama ya kazi kwenye ukoo wa Morrowind, na Skyrim ya 2011 ikaifuata. Watu wanapenda kushauri "zima alama tu". Kwenye Skyrim ushauri huo unakwamisha, kwa sababu anayekutuma mara nyingi hakwambii kitu kilipo. Mwandishi alijua mshale utakuwepo. Njia ya kupima ni rahisi. Zungumza na watu watatu wa mwanzo wanaotoa kazi. Wakitaja barabara, mto, upande wa jua, zima alama. Wakisema tu nenda ukamalize kazi, iache, lakini acha kuruka kwa ramani (kuchagua mahali kwenye ramani ukafika papo hapo). Panda mkokoteni wa abiria kwenye mazizi ya miji mikubwa na kilichobaki tembea kwa miguu. Hapo utapata sehemu kubwa ya ladha bila kuteseka bure. Assassin's Creed Odyssey ya 2018 ilifanya kwa uaminifu zaidi: mwanzoni unachagua namna ya kuongozwa au ya kutafuta, na ukichagua ya pili unapewa dokezo la mkoa na upande, ukikaribia unamrusha tai akutafutie. Maneno yaliandikwa kwa ajili hiyo, kwa hiyo inafanya kazi.

Red Dead Redemption 2 ya 2018 ni mfano wa mkanganyiko. Ukiwa huna misheni, zima rada kabisa kwenye mipangilio na ni moja ya dunia nzuri za kupotelea. Ukiingia misheni, ukitoka hatua chache nje ya njia waliyoipanga unaambiwa umeshindwa. Yaani dunia ni pana na kazi ni nyembamba. Ukifika hapo usibishane nayo. Fanya misheni kama unavyotazama filamu, uhuru utafute kati ya misheni na misheni.

Breath of the Wild ya 2017 inastahili maneno zaidi. Watengenezaji wake walieleza hadharani kwamba walijaribu mawazo yao kwanza kwenye mfano wa picha bapa unaofanana na Zelda ya 1986, na kwamba vilima walivipanga kwa umbo la pembetatu ili kila kilima kifiche kitu na kukuvuta uzunguke au upande. Unafungiwa uwandani juu mpaka umalize mahekalu 4 na kupewa kitambaa cha kuelea hewani, kisha umeachiwa. Unaweza kwenda kwa adui mkuu siku hiyohiyo, ingawa utapigwa. Nenda kwenye mipangilio ya skrini uchague Pro: ramani ndogo na vipimo vinaondoka, moyo unabaki. Panda mnara, tumia darubini, weka pini kwenye vitu ulivyoviona kwa macho yako, ushuke uvifuate.

Kinachowatoa watu roho ni mvua. Ikinyesha unateleza kwenye miamba na nguvu zinaisha katikati. Usilazimishe. Tafuta mwamba ulioinama wa kujikinga, weka fungu la kuni na jiwe la kiberiti pamoja, lipige jiwe kwa silaha ya chuma, moto utawaka. Kaa hapo mpaka asubuhi. Ikiwa kuna radi vua kila kitu cha chuma, hata ngao mgongoni, kwa sababu radi inakutafuta. Juu ya theluji pika pilipili kabla ya kupanda. Hakuna mshale unaokwambia haya, lakini yote yanaonekana mbele yako kabla hayajakuua, na hiyo ndiyo haki ambayo ile 4-2 ya Mario haina.

Elden Ring ya 2022 imerudisha adhabu ya San Andreas kwa sura nyingine. Kuna boksi kwenye magofu ya Dragon-Burnt, karibu na mwanzo, ukilifungua unatupwa handaki la Sellia, eneo la Caelid, ambako kila kitu kinakuua kwa pigo moja. Wageni wanajaribu kuruka kwa ramani wanaona haikubali. Mle ndani haikubali. Usipigane, kimbia hadi nje, washa mwanga wa kwanza wa kupumzikia utakaoukuta, hapo ndipo unaweza kurudi. Kabla ya kwenda usikokujua tumia kwanza rune zako zote (ndizo hela za gemu hiyo), maana ukifa mara ya pili kabla ya kuziokota zimepotea. Kwenye ramani ambayo bado ina ukungu kuna alama ndogo ya jiwe la kusimama: hapo ndipo kipande cha ramani kilipo, kifuate kabla ya kingine. Na ngome ya Stormveil inayowazuia wengi kwa wiki inaweza kuachwa kabisa. Kuna njia ya ukingoni mwa jabali inayoizunguka na kukutoa Liurnia. Hakuna anayekwambia. Unaiona tu ukiacha kulitazama lango.

Kwa wenye simu tu, PPSSPP, emuleta yaani programu inayoiga mashine ya PSP, inacheza GTA Liberty City Stories ya 2005 na Vice City Stories ya 2006 bila shida kwenye simu nyingi za kawaida. Tahadhari ni ile sevu ya papo hapo ya emuleta. Inaua kuzurura kimyakimya: ukijua unaweza kurudi sekunde tatu nyuma, hakuna uchochoro unaoogopwa, na usioogopwa haukumbukwi. Tena emuleta ikisasishwa sevu hizo zinaweza kukataa kufunguka. Sevu kwa njia ya gemu yenyewe, nyumbani kwa mhusika.

Outer Wilds ya 2019 tumeiacha mwisho kwa sababu haina cha kufungua kabisa. Hupati silaha bora, hupati nguvu mpya. Mzunguko ni dakika 22 kisha unaanza tena, na kinachobaki ni ulichokijua. Chombo cha angani unachorukia kiko tayari kukupeleka mwisho wa gemu tangu siku ya kwanza, hujui tu pa kwenda. Kwa hiyo video moja ya YouTube inaimaliza kabla hujaicheza. Ukikwama, fungua kumbukumbu za chombo, tazama sehemu zilizoandikwa kwamba bado kuna kitu cha kuchunguza, chagua moja tu kwa mzunguko mmoja, na andika pembeni ulifika dakika ya ngapi, maana kuna milango inayojazwa mchanga ukichelewa.